Kusakinisha mfumo kwenye seva ya diski pacha: maneno na hatua kwa mafundi wa Tabora

Swali linalorudi kila mara kutoka kwa mafundi na maafisa TEHAMA wa Tabora mjini, Urambo, Kaliua na Sikonge ni lilelile: "Niliweka RAID (mpangilio wa diski mbili au zaidi kufanya kazi kama moja), mbona diski moja ilipokufa seva haikuwaka?" Jibu ni fupi. Data ilikuwa na pacha, njia ya kuwaka haikuwa na pacha. Hilo halionekani siku ya kusakinisha. Linaonekana siku diski inapokufa, na siku hiyo wakulima wamepanga foleni nje ya ofisi ya AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, wakisubiri malipo ya tumbaku.

Mwongozo huu ni wa seva moja yenye diski mbili, ya AMCOS, shule, zahanati au SACCOS, inayowekwa Debian, mfumo wa familia ya Linux. Umeandikwa kwa mtu aliyewahi "kupiga window" kwenye kompyuta za mezani lakini hajashika seva ambayo haitakiwi kulala.

## Maneno kwanza, maana ndiyo yanayopoteza watu

Mtaani "kupiga window" ni kazi yote, tangu kuchomeka flashi mpaka kompyuta kuwaka. Kwenye kompyuta ya mezani hakuna hasara. Kwenye seva ya diski pacha hizo ni kazi mbili, na zikibebwa na neno moja, moja husahaulika.

Kusakinisha ni kuuandika mfumo kwenye diski. Hufanyika mara moja. Kupakia ni kuutoa mfumo kwenye diski na kuuingiza kwenye kumbukumbu (RAM) kila seva inapowashwa. Wengine husema kubuti, ni lilelile. Usilichanganye na kupakia faili mtandaoni. Kipakizi ni programu ndogo inayofanya kazi hiyo ya pili, na kwenye Debian ni GRUB. Kinachopakiwa ni kerneli, kiini cha mfumo.

Patisheni ni kipande cha diski. Kati ya hizo ipo patisheni ya EFI: ndogo, ya FAT32, ambamo kipakizi hukaa. UEFI, yaani programu iliyo ndani ya madabodi, ikiwashwa huenda kutafuta kipakizi humo. UEFI haijui chochote kuhusu RAID ya Linux. Inaona diski mbili za kawaida, na kama moja tu ina patisheni ya EFI iliyokamilika, hiyo moja ndiyo uhai wa seva yako. Ukishika hili, hatua ya 7 hapa chini utaielewa bila kuelezwa.

Diski pacha ni RAID 1: kinachoandikwa kwenye moja huandikwa na kwenye nyingine. Pacha akibaki mmoja tunasema seti ni pungufu. Seva inafanya kazi lakini haina tena mbadala. Kusawazisha ni kunakili upya mpaka diski zote mbili zifanane. Na bakapu ni kitu kingine kabisa: ukifuta daftari la wanachama kwa bahati mbaya, pacha wake anafutika sekunde ileile. Diski pacha haikuondolei wajibu wa bakapu.

Kustahimili hitilafu ni kifaa kimoja kufa na huduma ikaendelea. Zipo mashine zilizojengwa kwa kazi hiyo tangu kiwandani. Kampuni ya Tandem ya Marekani ilianzishwa mwaka 1974 kwa lengo hilo, na leo zipo kama Stratus ftServer, yenye moduli mbili zinazotekeleza maagizo yaleyale kwa wakati uleule. Ukikutana na ya aina hiyo, acha mwongozo huu na ufuate kitabu cha mtengenezaji, kwa kuwa mpangilio wake wa kusakinisha ni wa peke yake. Seva ya kawaida ya ofisini tunayoizungumzia hapa inastahimili kufa kwa diski moja au pawasaplai moja. Madabodi ikifa, imesimama. Mwambie mwenye ofisi hivyo kabla hajalipa.

## Vya kuandaa kabla ya kugusa chochote

- Seva yenye UEFI, na ikiwezekana RAM ya ECC (inayosahihisha makosa yake yenyewe) na pawasaplai mbili.
- Diski tatu za ukubwa mmoja. Mbili za kufunga, ya tatu ya kabatini. Diski ya seva mara nyingi itaagizwa Dar es Salaam, na siku za kungoja mzigo ni siku ambazo seti yako ni pungufu. Zisiwe za toleo moja zote. Diski zilizotoka kiwandani pamoja zina tabia ya kufa zikifuatana. Epuka diski za bei nafuu za aina ya SMR, ambazo njia zake za kuandikia zimelaliana, zinasuasua sana wakati wa kusawazisha.
- Flashi mbili za GB 8, moja ya kisakinishi na nyingine ya kupima RAM.
- UPS yenye tundu la USB, pamoja na waya wake wa USB. Waya huu huachwa kwenye boksi mara nyingi mno.
- Stabilaiza, na soketi yenye waya wa ardhi unaofanya kazi kweli. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi za Tabora hazina simile.
- Kalamu ya wino usiofutika na karatasi za kubandika.
- Kibodi na skrini. Usitegemee kuingia kwa mbali siku ya kwanza.

Kuhusu faili la kisakinishi: toleo la netinst ni dogo, chini ya GB 1, lakini linavuta vifurushi vingine mtandaoni wakati wa kazi. Kama bando ni la kuunga-unga, shusha DVD ya kwanza, karibu GB 4, kutoka penye mtandao mzuri. Kuanzia Debian 12 programu za vifaa kama kadi za mtandao zimo ndani ya faili rasmi, hivyo huhitaji flashi ya ziada kwa ajili hiyo.

Kama seva ni ya mtumba, na nyingi ni za mtumba, badilisha betri ya CR2032 kwenye madabodi kabisa. Ni ndogo na bei yake ni ya chini. Ikiisha, saa inarudi nyuma na mipangilio ya UEFI huenda ikapotea.

## Hatua

1. Panga umeme.

Pawasaplai ya kwanza iende UPS. Ya pili iende kwenye UPS nyingine, au kama huna, kwenye stabilaiza moja kwa moja. Kosa la kawaida ni kuzichomeka zote mbili kwenye ekstensheni moja, kisha UPS yenyewe inakufa na kuzima kila kitu. UPS nayo ni kifaa kinachokufa, hasa betri yake. Joto la Septemba na Oktoba linaila haraka. Hakikisha pawasaplai moja peke yake inatosha kuibeba seva yote, kwa sababu umeme ukikatika ndivyo itakavyokuwa.

2. Pima RAM.

Washa kwa flashi ya Memtest86+ na uiache usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, toa kipande hicho cha RAM. RAM mbovu huharibu data kabla haijafika kwenye diski, na pacha wote wawili wanapokea uharibifu uleule kwa uaminifu.

3. Rekebisha UEFI.

Ingia kwenye mipangilio (F2, Del au F10 kutegemea mashine) na ufanye haya manne:

- Namna ya kuwasha iwe UEFI, isiwe Legacy, yaani ya zamani.
- SATA iwe AHCI. Kama seva ina kadi ya RAID, iweke hali ya HBA, ili Linux izione diski zenyewe moja moja.
- Umeme ukirudi baada ya kukatika, seva iwake yenyewe.
- Saa iwe sahihi, kwa UTC. Ikiwa saa ya ukutani inasema saa 3 usiku Tabora, UTC ni 18:00.

Neno kuhusu kadi ya RAID. Ni nzuri inapofanya kazi. Lakini ikifa, mara nyingi utahitaji kadi ya familia ileile ili kuzisoma diski zako. RAID ya Linux inasomeka kwenye kompyuta yoyote utakayoipata mjini ukiiwasha kwa Linux, hata ya mezani ya jirani. Kwa ofisi iliyo mbali na wauza vipuri, chaguo letu ni la Linux.

4. Andaa flashi na uhakiki faili.

Kwenye Windows:

`certutil -hashfile debian.iso SHA256`

Kwenye Linux:

`sha256sum debian.iso`

Linganisha namba hiyo na iliyo ndani ya faili la SHA256SUMS la Debian. Zisipolingana, shusha upya. Faili lililokatika katikati huleta makosa ya ajabu dakika ya ishirini ya kusakinisha, na utalaumu diski bure. Kisha liandike kwenye flashi kwa Rufus, ukichagua hali ya DD, au kwa balenaEtcher.

5. Washa kisakinishi kwa UEFI.

Kwenye menyu ya kuchagua kifaa, flashi huenda ikaonekana mara mbili. Chagua ile inayoanza na neno UEFI. Skrini ya kwanza ya Debian iwe na maneno `UEFI Installer menu`. Kama hayapo, zima na urudi hatua ya 3. Ukisakinisha kwa hali ya zamani, kila kitu cha hatua ya 7 hakitafanya kazi.

Kanda ya saa ni Africa/Dar_es_Salaam. Jina la seva liwe fupi, herufi ndogo, bila nafasi.

6. Gawa diski.

Chagua kugawa kwa mkono, `Manual`. Soma ukubwa kabla ya kubonyeza chochote: flashi inaweza kujitokeza kama `sda`, na diski zako zikawa `sdb` na `sdc`. Hapa tutaziita `sda` na `sdb`, za TB 1 kila moja. Kama zako ni za NVMe majina yatakuwa `nvme0n1` na `nvme1n1`.

Kwenye kila diski, kwa mpangilio uleule, tengeneza:

- Patisheni 1: GB 1, aina `EFI System Partition`.
- Patisheni 2: GB 60, aina `physical volume for RAID`.
- Patisheni 3: GB 8, aina ileile ya RAID.
- Patisheni 4: iliyobaki, ukiacha kama GB 2 mwishoni bila kuguswa, aina ya RAID.

Hizo GB 2 si uzembe. TB 1 ya kampuni moja inaweza kupungua kidogo kuliko TB 1 ya kampuni nyingine, na diski mpya ikipungua hata kidogo itakataliwa kuwa pacha.

Sasa ingia `Configure software RAID`, tengeneza seti tatu za RAID1, kila moja ikiwa na diski hai 2 na akiba 0:

- `md0` kutoka `sda2` na `sdb2`: ext4, mahali pake `/`
- `md1` kutoka `sda3` na `sdb3`: swap
- `md2` kutoka `sda4` na `sdb4`: ext4, mahali pake `/srv`

Wengi huuliza kwa nini swap nayo iwe pacha. Swap ni kumbukumbu ya programu zinazoendelea kukimbia. Ikiwa juu ya diski moja na diski hiyo ikafa, programu zilizoweka vitu vyake humo zinakufa nayo, na seva iliyotakiwa kustahimili inaanguka.

Patisheni ya EFI usiiweke ndani ya RAID. Iache kama ilivyo kwenye kila diski.

Kwenye uchaguzi wa programu, ondoa tiki kwenye mazingira ya picha, bakiza `SSH server` na `standard system utilities`. Maliza, toa flashi, washa.

7. Wekea pacha njia ya kuwaka.

Hapa ndipo wengi huishia, kwa sababu seva imewaka na kila kitu kinaonekana kizuri. Kisakinishi kimejaza patisheni ya EFI moja tu. Ingia kama root, msimamizi mkuu wa mfumo, uone hali ilivyo:

```
apt install efibootmgr rsync gdisk smartmontools
lsblk -o NAME,SIZE,SERIAL,FSTYPE,MOUNTPOINT
cat /proc/mdstat
```

`/boot/efi` itaonekana kwenye diski moja. Tuseme ni `sda1`. Kwanza weka kipakizi (GRUB, pamoja na shim, programu ndogo inayoitangulia) kwenye njia ya dharura ambayo UEFI huijaribu hata ikiwa haina kumbukumbu yoyote ya Debian:

```
mkdir -p /boot/efi/EFI/BOOT
cp /boot/efi/EFI/debian/shimx64.efi /boot/efi/EFI/BOOT/BOOTX64.EFI
cp /boot/efi/EFI/debian/grubx64.efi /boot/efi/EFI/BOOT/
```

Kisha nakili yote kwenye diski ya pili:

```
mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1
mkdir /boot/efi2
mount /dev/sdb1 /boot/efi2
rsync -rt /boot/efi/ /boot/efi2/
```

Kabla ya kubonyeza Enter kwenye `mkfs.vfat`, soma jina la diski kwa sauti. Amri hiyo haiulizi mara mbili.

Sasa iandikishe diski ya pili kwenye UEFI:

```
efibootmgr -c -d /dev/sdb -p 1 -L "debian-pacha" -l '\EFI\debian\shimx64.efi'
efibootmgr -v
```

Kwenye orodha utaona `debian` na `debian-pacha`. Baadhi ya UEFI hufuta jina la diski zikiwashwa bila diski hiyo kuwepo. Ndiyo maana tumeweka njia ya dharura kwanza: hata majina yakifutika, `BOOTX64.EFI` itapatikana.

Bado jambo moja, na ndilo linalowaangusha hata waliofika mpaka hapa. Fungua `/etc/fstab`, orodha ya patisheni ambazo mfumo huziunganisha ukiwaka. Mstari wa `/boot/efi` unaiambia seva kwamba patisheni hiyo ni ya lazima. Diski ya kwanza ikifa, mfumo utaisubiri dakika moja na nusu, kisha utagoma kuendelea na kuingia hali ya dharura, ingawa data yote iko salama kwenye diski ya pili. Pata UUID, namba ya utambulisho ya kila patisheni, kwa `blkid /dev/sda1 /dev/sdb1`, kisha mistari iwe hivi, ukiweka UUID zako:

```
UUID=AAAA-AAAA /boot/efi  vfat umask=0077,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 1
UUID=BBBB-BBBB /boot/efi2 vfat umask=0077,nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 1
```

Neno `nofail` ndilo linaloifanya patisheni iwe ya hiari.

Sasisho la kerneli haligusi patisheni ya EFI, lakini sasisho la GRUB au shim linaigusa, na litagusa ile ya kwanza tu. Weka hati hii kwenye `/etc/cron.weekly/efi-pacha` na uipe ruhusa kwa `chmod +x`:

```
#!/bin/sh
mountpoint -q /boot/efi  || exit 1
mountpoint -q /boot/efi2 || exit 1
rsync -rt --delete /boot/efi/ /boot/efi2/
```

Usiondoe mistari miwili ya `mountpoint`. Bila hiyo, siku diski ya kwanza imekufa, `/boot/efi` itakuwa folda tupu, na `--delete` itaufanya utupu huo unakiliwe juu ya kipakizi kizima kilichobaki.

8. Subiri kusawazisha kuishe.

`cat /proc/mdstat` ionyeshe `[UU]` kwenye seti zote tatu bila mstari wa asilimia. Kila U ni pacha mmoja aliye hai, na `_` ni asiyekuwepo. Diski ya TB 1 ya kuzunguka, kwa MB 120 kwa sekunde, inahitaji zaidi kidogo ya saa mbili. Usijaribu hatua ya 9 kabla ya hapo. Kuchomoa diski wakati pacha hajakamilika ni kubaki na nusu ya data.

Ukiwa unasubiri, andika namba ya SERIAL ya kila diski kwenye karatasi na uibandike kwenye trei yake. Majina `sda` na `sdb` si ya kudumu: ukichomoa ya kwanza, ya pili inaamka ikiitwa `sda`. Aliyechomoa diski nzima akaiacha iliyokufa mara nyingi aliamini jina badala ya namba.

9. Jaribu kwa kuchomoa.

Zima seva kwa `poweroff`. Chomoa diski ya kwanza. Washa. Inaweza kukawia nusu dakika hivi ikitafuta pacha, kisha iendelee. Ukiingia, `/proc/mdstat` ionyeshe `[_U]` au `[U_]`. Hongera, imewaka kwa mguu mmoja.

Zima, rudisha diski, washa. Haitajiunga yenyewe, kwa kuwa imebaki nyuma. Soma kwenye `/proc/mdstat` ni patisheni zipi hazimo, kisha:

```
mdadm --manage /dev/md0 --add /dev/sda2
mdadm --manage /dev/md1 --add /dev/sda3
mdadm --manage /dev/md2 --add /dev/sda4
```

Subiri `[UU]` zote tatu zirudi. Ndipo uzime, uchomoe diski ya pili, na kurudia jaribio lote. Usiruke nusu hii ya pili. Na usikabidhi seva ambayo hujaichomoa diski kila upande.

10. Weka kengele.

Seti pungufu haipigi kelele. Wanaofanya kazi hawaoni tofauti yoyote, na ofisi inaweza kukaa hivyo mwaka mzima mpaka diski ya pili inapokufa. Kwenye `/etc/mdadm/mdadm.conf` weka barua pepe yako kwenye `MAILADDR`, sakinisha `msmtp-mta`, programu ya kutuma barua pepe, na uipe akaunti ya kutumia, kisha jaribu:

`mdadm --monitor --scan --oneshot --test`

Barua isipofika, kengele haipo. Zaidi ya hapo mpe mtu mmoja wa ofisini kazi ya kutazama taa za diski kila Jumatatu.

11. Unganisha UPS.

Sakinisha `nut`, programu ya kufuatilia UPS, weka `MODE=standalone` kwenye `/etc/nut/nut.conf`, na kwenye `ups.conf`:

```
[ofisi]
  driver = usbhid-ups
  port = auto
```

Kamilisha `upsd.users` na `upsmon.conf`, kisha `upsc ofisi` ikuonyeshe `ups.status: OL`, yaani iko kwenye umeme. Chomoa UPS ukutani: ibadilike kuwa `OB`, yaani iko kwenye betri. UPS si ya kuendeshea kazi mpaka umeme urudi. Ni ya kuipa seva muda wa kujizima kwa utaratibu.

## Kubadilisha diski iliyokufa

Tuseme `sdb` imekufa. Thibitisha kwa `smartctl -a /dev/sdb` na kwa namba ya SERIAL. Iondoe kwenye kila seti:

```
mdadm --manage /dev/md0 --fail /dev/sdb2 --remove /dev/sdb2
```

Rudia kwa `md1` na `md2`. Kama trei haziruhusu kuchomoa bila kuzima, zima kwanza. Funga diski mpya, kisha nakili mgawanyo:

```
sgdisk -R /dev/sdb /dev/sda
sgdisk -G /dev/sdb
```

Angalia mpangilio: kwenye mstari wa kwanza, diski inayopokea inatajwa mwanzo, diski nzima inatajwa mwisho. Ukigeuza, unafuta ramani ya diski pekee iliyobaki. Amri ya pili inaipa diski mpya utambulisho wake. Baada ya hapo `--add` kwa seti zote tatu, kisha rudia hatua ya 7 kwa `sdb1`, pamoja na UUID mpya kwenye `fstab`. Fundi akisahau hatua ya 7 hapa, tumerudi kwenye swali la mwanzo.

## Ikikwama

Kisakinishi hakioni diski kabisa. Kadi ya RAID iko kwenye hali yake ya RAID, au SATA haiko AHCI. Hatua ya 3.

Diski inaonekana lakini ukubwa wake ni 0. Diski za mtumba zilizotolewa kwenye makabati makubwa ya kuhifadhi data huja na sekta za baiti 520 badala ya 512. Zinaweza kuumbwa upya kwa `sg_format` iliyo kwenye kifurushi cha `sg3-utils`; inachukua saa nyingi na haitakiwi kukatizwa, hivyo usiianze siku umeme unapokatika-katika.

Kisakinishi kinaonyesha seti za RAID ambazo hukuzitengeneza. Diski ilitumika kwenye seva nyingine. Nenda kwenye skrini ya kuandika amri kwa Alt+F2 (Ctrl+Alt+F2 kama kisakinishi ni cha picha), simamisha seti hiyo kwa `mdadm --stop`, kisha `mdadm --zero-superblock` kwenye patisheni husika. Ni baada ya kuhakikisha data ya zamani haihitajiki.

Baada ya kusakinisha, seva inarudi kwenye mipangilio ya UEFI. Haijaona kipakizi. Washa kwa flashi kwenye hali ya uokoaji, `Rescue mode`, na ufanye sehemu ya `BOOTX64.EFI` ya hatua ya 7.

Inaishia `grub>` ikisubiri. Kipakizi kimepatikana lakini hakioni `md0`. Mara nyingi patisheni ya EFI ya diski ya pili ni ya zamani, ilinakiliwa kabla mfumo haujasakinishwa upya. Nakili upya kutoka kwenye ile nzima.

Inaingia hali ya dharura ikiomba nywila ya root. Tazama `fstab`. Karibu kila mara ni `nofail` iliyosahaulika au UUID ya diski ambayo haipo tena.

Seti imejiita `md127`. Initramfs, faili linalopakiwa pamoja na kerneli seva ikiwaka, halina majina ya seti zako. Endesha `mdadm --detail --scan >> /etc/mdadm/mdadm.conf`, futa mistari inayojirudia, kisha `update-initramfs -u`.

Kusawazisha kunakwenda kwa KB elfu moja kwa sekunde. Watu wanatumia seva, na Linux inawapa wao kipaumbele. Baada ya saa za kazi, pandisha kiwango cha chini:

`echo 50000 > /proc/sys/dev/raid/speed_limit_min`

Ikiwa hakuna anayeitumia na bado ni polepole, soma `dmesg`, ujumbe wa kerneli. Makosa ya `ata` yanayojirudia ni waya wa SATA uliolegea au ulioingia vumbi, na waya ubadilishwe kabla hujaituhumu diski.